Kuchora nyumba za Ujiji: mwongozo wa ziara ya wanafunzi

Mchoro wa nyumba unaofaa ni ule ambao fundi asiyewahi kufika Ujiji anaweza kuushika, akauliza maswali mawili matatu, kisha akaijenga nyumba ileile. Hicho ndicho kipimo cha mwongozo huu. Ziara nyingi hurudi na picha za kupendeza, mwembe pembeni na mawingu juu, lakini ukiuliza baraza lina kimo gani, ukuta una unene gani, paa linateremka pande ngapi, hakuna anayejua. Na nyumba za udongo zinazidi kupungua. Mchwa wanakula miti, mvua inakula msingi, na mwenye nyumba akipata fedha anajenga ya tofali za saruji, jambo ambalo ni haki yake. Nyumba ikishabomolewa, kinachobaki ni kile mlichopima.

Mpango uliopo hapa ni wa siku moja: asubuhi na mchana Ujiji, jioni stesheni ya Kigoma. Unawafaa wanafunzi wa sekondari na wa vyuo vya ufundi, katika vikundi vya watu wanne, kila kikundi nyumba moja. Nyumba moja iliyopimwa yote ni bora kuliko tano zilizopimwa nusunusu.

Lini twende

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, kabla ya mvua. Baada ya hapo karatasi hulowa, na mwenye nyumba ana mambo yake na paa linalovuja.

Halafu kuna suala la jua, ambalo wengi hulikosea. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Kigoma iko karibu na nyuzi 29.6. Kwa hiyo jua la Kigoma limechelewa kwa kama saa nzima: mwezi Juni linachomoza karibu saa moja asubuhi, na linafika juu kabisa karibu saa saba mchana, si saa sita. Mwalimu aliyepanga kuanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi atawakalisha wanafunzi gizani.

Jua pia lina upande wake. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, mchana linapita kaskazini. Miezi iliyobaki linapita kusini. Kwa ziara ya Juni au Julai, uso wa nyumba unaotazama kaskazini una mwanga, na ule wa kusini uko kivulini mchana kutwa. Mchana wa Juni jua husimama kwa pembe ya kama digrii 62, hivyo upenu wa sm 60 unaotazama kaskazini hutupa kivuli cha zaidi ya mita 1 ukutani. Madirisha humezwa na kivuli hicho. Uso wa mashariki uchorwe kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, na wa magharibi kuanzia saa tisa alasiri, mwanga unapoparuza ukuta kwa ubavu na kila kishimo kikaonekana.

Ruhusa kwanza

Wiki mbili kabla, mwalimu apeleke barua ya shule kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti ndiye atakayekwambia nyumba ipi wenyewe wapo na wanapenda wageni. Stesheni inahitaji barua yake, iende kwa mkuu wa stesheni. Majengo ya serikali, bandari na chochote chenye askari getini yasichorwe wala kupigwa picha bila kibali cha maandishi.

Siku yenyewe, piga hodi na subiri kukaribishwa. Shikamoo kwa wazee, jina la shule, kisha eleza mnataka kupima nini na kwa muda gani. Saa nne zinatosha. Ulizeni kabla ya kuingia kila chumba. Uani ndiko wanawake wanakopikia na kufulia, kwa hiyo wasichana wa kikundi ndio watangulie huko, na wavulana waingie wakiitwa. Epukeni Ijumaa, maana kuanzia saa sita mchana watu wanajiandaa na swala. Mkishindwa kupata ruhusa ya ndani, chukueni uso wa nje tu, na muandike kwenye mchoro: "ndani hakukupimwa". Kubuni vyumba ni uongo, hata ukichorwa vizuri.

Vifaa vya kikundi kimoja

Futi kamba ya mita 5, na utepe wa mita 30 ambao vikundi viwili vinaweza kuazimana. Ubao mwepesi wa hadibodi ukubwa wa A3 wenye klipu mbili. Karatasi nyeupe A3 kumi na za grafu A4 tano. Penseli mbili za HB na mbili za 2B, kichongeo, raba. Pimamaji. Kamba ya manila mita 12 na kijiwe cha kufunga mwishoni kama timazi. Kijiti cha mita 1 kilichopakwa rangi nyeusi na nyeupe kila sm 10. Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ule ambao mafundi hutumia kusawazisha kozi, mita 10. Maji ya kunywa lita 1.5 kwa kila mtu, na kofia.

Kalamu ya wino ibaki kwenye mkoba. Jasho la mkono litaifuta. Nambari iandikwe kwa penseli, na ikikosewa isifutwe: ikateni kwa mstari mmoja, muandike sahihi pembeni. Ile ya zamani huenda ndiyo ikaonekana kweli baadaye.

Dakika ishirini bila penseli

Zungukeni nyumba yote mkitazama tu. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Burton na Speke walifika hapa 1858, na Stanley akamkuta Livingstone hapa 1871. Pamoja na bidhaa na watu waliotekwa, njia hiyo ilileta pia namna ya kujenga. Nyumba ya Kiswahili mtaionea hapa karibu na Ziwa Tanganyika kama mnavyoiona Bagamoyo: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uani, na vyumba kushoto na kulia, mara nyingi vitatu vitatu.

Katika mzunguko huo, jibizaneni kwa sauti. Ukuta ni wa miti, fito na udongo wa kukandika, wa tofali mbichi, au wa tofali za kuchoma? Je, upande mmoja ni wa aina moja na mwingine wa aina nyingine? Paa ni la bati, lakini lilikuwa la bati tangu mwanzo? Chumba kipi kiliongezwa? Mahali kilipoungwa huwa pana ufa wa wima ulionyooka kama uliokatwa kwa msumeno, kwa sababu kuta mbili zilizojengwa miaka tofauti hazikufungamana.

Mchoro wa uso

Kaeni mbali na nyumba angalau mara mbili ya kimo chake. Nyoosha mkono wote bila kukunja kiwiko, funga jicho moja, weka ncha ya penseli kwenye upenu na kidole gumba kwenye usawa wa baraza. Kipande hicho ndicho kipimo chako. Hesabu kinaingia mara ngapi katika upana wa nyumba. Kiwiko kikikunjwa hata kidogo, uwiano wote umeharibika, na hapo ndipo nyumba ndefu ya chini hugeuka ghorofa kwenye karatasi.

Kisha piga mstari mwepesi wa usawa wa macho yako. Ukiwa umekaa kwenye kigoda, macho yako yako kama mita 1.1 kutoka chini, hivyo mstari huo unapita karibu na sehemu ya chini ya madirisha. Ukiitazama nyumba kutoka upande wa kona, mistari yote iliyo juu ya usawa huo, kama upenu, inateremka kadiri inavyokwenda mbali. Iliyo chini yake, kama ukingo wa baraza, inapanda. Kosa la kila kikundi ni kuichora miwili hiyo sambamba. Nyumba huonekana kama inaelea.

Kama kichochoro ni chembamba na huwezi kurudi nyuma, achana na mchoro wa macho. Pima uso mzima na uuchore kwa skeli.

Kupima ramani

Gawaneni kazi: mmoja ashike sifuri, wa pili asome, wa tatu aandike, wa nne achore. Msomaji atamke, mwandishi arudie kabla ya kuandika. Kurudia huku kunaonekana ni kupoteza muda, lakini ndiko kunakookoa sita iliyosikika kama tisa. Andikeni kwa mita na tarakimu mbili: 3.20, si "tatu na kidogo". Angalieni pia upande wa futi kamba, maana ukingo mmoja una inchi. Dirisha la "47" si sm 47. Ni sm 119.

Kile kichuma cha mwanzoni mwa futi kamba kinachochezacheza hakijaharibika. Kinacheza kwa unene wake wenyewe, ili kipimo kiwe sawa ukikikwamisha nje au ukikisukumiza ndani ya kona. Msikigonge kwa nyundo kukikaza.

Anzeni na uso wa mbele. Wekeni sifuri kwenye kona moja na msome mfululizo bila kuihamisha. Kwa mfano: kona 0, dirisha 1.20 hadi 2.10, mlango 3.60 hadi 4.80, dirisha 6.30 hadi 7.20, kona 8.40. Mkipima kipande kimoja kimoja, kosa dogo la kila kipande linajumlika na mwisho hamfiki kwenye kona.

Ndani, kila chumba kipimwe kuta zote nne na ulalo mmoja, kutoka kona hadi kona ya mbali. Chumba cha mita 3.00 kwa 3.20 kilichonyooka kina ulalo wa 4.39. Mkipata 4.30 au 4.50, chumba kimepinda, na bila ulalo msingeweza kujua wala kukichora sawa. Vyumba vya udongo hupinda mara nyingi. Msivinyooshe.

Unene wa ukuta upimwe mlangoni au dirishani, na toeni sehemu ya fremu inayotokeza. Sasa fanyeni hesabu palepale, mkiwa bado ndani ya nyumba ya watu. Upana wa nje ni 8.40. Ndani mna chumba 3.00, ukumbi 1.50, chumba 3.00, jumla 7.50. Zimebaki 0.90 kwa kuta nne, yaani sm 22.5 kila moja. Kama mlangoni mlipata sm 22 au 23, mambo ni sawa. Kama mlipata sm 17, kuna mtu alisoma vibaya, na afadhali kumtafuta sasa kuliko kurudi kesho kugonga mlango upya.

Kwenye karatasi, tumieni skeli ya 1:50: mita 1 ni sm 2. Nyumba hii itakuwa na upana wa sm 16.8, inakaa vizuri kwenye A3. Weka mshale wa kaskazini. Dira ya simu isomwe hatua tano mbali na bati, gari na nondo, la sivyo kaskazini yenu itaelekea kwenye bati.

Baraza

Hapa msiwe na haraka. Baraza ni kiti, ni ukumbi wa wageni, ni duka la asubuhi, na ndilo linalozuia maji ya mtaa yasifike kwenye ukuta. Pimeni kimo chake katika ncha zote mbili. Mitaa ya Ujiji inateremkia ziwani, kwa hiyo sehemu ya juu imelazwa sawa lakini ardhi inakimbia. Mkipata sm 32 ncha moja na sm 58 nyingine, kwenye urefu wa 8.40, mtaa unashuka sm 26, karibu asilimia 3. Hakikisheni kwa mpira wa maji: jazeni, ondoeni mapovu yote, shikilieni ncha mbili kwenye ncha mbili za baraza, na alama za maji zitakuwa usawa mmoja. Povu moja tu ndani ya mpira linatosha kuwadanganya.

Tazameni tena ule uso wa juu. Kuna mahali pameng'aa na kuzama kidogo kwa kukaliwa, mara nyingi karibu na mlango, upande wenye kivuli cha alasiri. Palipochorwa mashimo ya bao, hesabuni na mchore. Andikeni kwenye ramani ni nani hukaa wapi na saa ngapi. Mwenye nyumba atawaeleza kwa furaha kuliko atakavyoeleza chochote kingine. Kivuli na baraza vinaenda pamoja, na mchoro usioonyesha watu wanakaa wapi haujaeleza kwa nini baraza lina upana wa sm 70 upande huu na 45 upande ule.

Mlango

Pimeni uwazi, kisha sehemu moja moja: miimo ya pembeni, kizingiti cha juu na cha chini, mbao za mabawa mawili, na mfaa ulio katikati yanapokutana. Bawaba, tumbuu na komeo vichorwe kwa ukubwa wake halisi pembeni ya karatasi. Mkikuta nakshi, msijaribu kuichora yote. Chukueni kipande kimoja kinachojirudia, mkichore kwa ukubwa halisi, kisha hesabuni kimejirudia mara ngapi na wapi kimevunjika. Kusugua penseli juu ya karatasi nyembamba iliyowekwa kwenye nakshi kunafaa kama mbao ni imara. Kama rangi inabanduka, acheni.

Paa

Nyumba nyingi za aina hii zina paa linaloteremka pande zote nne. Sababu ni ukuta wa udongo: ukuta wa pembe tatu unaopanda hadi kileleni ungelowa na mvua ya upepo, lakini paa la pande nne lina upenu kila upande.

Pembe ya mteremko pimeni ndani, kwenye chumba kisicho na dari. Shikeni pimamaji sawa, pimeni mita 1 ya mlalo kutoka kwenye kombamoyo, yaani mti wa paa unaoteremka, kisha wima hadi kwenye kombamoyo lenyewe. Mkipata 0.45, mteremko ni kama digrii 24. Sasa kanuni ambayo itawasaidia sana: kama pande zote nne zina mteremko mmoja, urefu wa kilele ni urefu wa paa kutoa upana wake. Nyumba ya 8.40 kwa 10.40 yenye upenu wa sm 60 kila upande ina paa la 9.60 kwa 11.60, kilele chake ni mita 2.00. Kimo cha kilele juu ya upenu ni nusu ya upana mara mteremko: 4.80 mara 0.45, mita 2.16. Kwenye ramani, mistari ya kona inakwenda kwa digrii 45 kamili. Wanafunzi huichora kwenda katikati ya paa, kama bahasha, na paa likawa piramidi.

Andikeni pia mpangilio wa miti: mtambaapanya uliolala juu ya ukuta, makombamoyo na umbali kati yao, na mapao, yaani fito za mlalo zilizo juu yake. Mapao yaliyosogeleana sana chini ya bati ni dalili kwamba paa lilikuwa la nyasi. Nyasi huhitaji mteremko mkali, karibu digrii 45, ili maji yasikae. Bati huvumilia mteremko mdogo zaidi. Bati nalo lina faida kwa mpimaji: mawimbi ya bati la kawaida yana umbali wa kama sm 7.6. Pimeni mawimbi kumi ya bati lenu, gawanyeni kwa kumi, kisha hesabuni mawimbi kwenye upenu ambao hamwezi kuufikia.

Msipande juu. Miti iliyoliwa na mchwa haionyeshi kwa nje.

Magonjwa ya nyumba

Tumieni nakala ya uso wa mbele na penseli nyekundu. Chini ya ukuta, hadi kama sm 30, udongo hutafunwa na matone yanayoruka kutoka ardhini. Lipu ya saruji juu ya udongo hubanduka kama ganda: saruji ni ngumu na haipitishi unyevu, udongo nyuma yake unavimba na kusinyaa. Nyufa za mshazari huanzia kwenye pembe za madirisha, hasa pasipo na lenta, yaani boriti ya juu ya dirisha. Upana wa ufa upimwe kwa penseli. Penseli ya kawaida ina milimita 7, na ufa unaoipitisha ni wa kumwambia mwenye nyumba siku hiyohiyo.

Jioni: stesheni ya Kigoma

Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914, wakati wa Wajerumani, na stesheni yao bado inatumika. Saa moja inatosha, na kazi iwe moja: matao. Chagueni tao moja, pimeni upana wake na kimo kutoka pale mkunjo unapoanza hadi kileleni. Kimo kikiwa nusu ya upana, ni nusu duara. Kikiwa pungufu, tafuteni nusukipenyo: zidisha nusu ya upana kwa yenyewe, jumlisha kimo kilichozidishwa kwa chenyewe, kisha gawanya jumla hiyo kwa kimo kilichozidishwa mara mbili. Tao la upana 2.40 na kimo 0.60 lina nusukipenyo cha mita 1.50. Bila hesabu hii mikono huchora yai. Linganisheni pia unene wa nguzo hizo na ukuta mliopima asubuhi, na msikae relini.

Baada ya ziara

Mchoro safi utengenezwe ndani ya siku tatu, mkiwa bado mnakumbuka. Uwe na ramani, uso wa mbele, mkato unaopita kwenye ukumbi (nyumba ikionekana kama imepasuliwa wima), na paa, vyote 1:50, pamoja na tarehe, mtaa na majina ya waliopima. Jina la mwenye nyumba liwekwe akikubali tu. Karatasi za shambani zenye jasho na makosa zihifadhiwe pamoja na mchoro safi. Humo ndimo zilimo nambari za kwanza.

Kisha mpelekeeni mwenye nyumba nakala yake. Mkunjulieni mezani na mumpe penseli. Atawaonyesha mlango ulioko kwenye ramani yenu ambao kwake umezibwa tangu zamani, na chumba mlichokiita ghala ambacho ndicho alichozaliwa. Masahihisho yake yaandikwe kwa rangi nyingine, na tarehe.